Bresi tatu za kifundo cha mguu baada ya kiharusi: tathmini ya miaka miwili ya kutembea nazo

Kiharusi kilinipiga upande wa kushoto wa mwili, na katika yote kiliyoyachukua, lililonisumbua kwa muda mrefu kuliko mengine ni jambo dogo kwa kulitazama: sikuweza kuinua sehemu ya mbele ya wayo. Paja lilirudi kufanya kazi mapema, goti likafuata, lakini wayo uliendelea kuning'inia, vidole vikitangulia chini na kukwaruza sakafu kila nilipoupeleka mguu mbele. Ili vidole visikwame, ilinibidi niinue nyonga na kuuzungusha mguu mzima kwa nje, kama mtu anayefyeka nyasi, na kwa mwendo huo hatua ishirini tu zilitosha kunitoa jasho. Katika miaka miwili iliyofuata nimevaa bresi tatu za aina tofauti, yaani vifaa vinavyofungwa mguuni ili kuushikilia wayo usianguke, na kujaribu kifaa kimoja cha umeme. Tathmini hii namwandikia yule aliyesimama pale nilipokuwa nimesimama mimi, mwenye mguu usiotii na orodha ndefu ya vifaa ambavyo kila kimoja kinaahidi kumtembeza.

Bresi ninazozizungumzia si zile wanazofunga wachezaji waliotegua kifundo. Nalisema hili kwa sababu kifaa cha kwanza nilicholetewa na jamaa zangu, kwa mapenzi yao yote, kilikuwa cha aina hiyo: kitambaa kigumu chenye kamba, kinachokaza kifundo kisipinde kwa pembeni. Kwa mtu aliyeteguka kinafaa sana. Kwa mtu ambaye wayo wake unaanguka, hakiinui chochote, maana hakina sehemu inayopita chini ya wayo wala inayouvuta juu. Nilikivaa siku nne, vidole vikaendelea kukwaruza vilevile, nikakiweka kando.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyekuwa akinihudumia alinieleza jambo ambalo ningetamani nilijue kabla ya kununuliwa chochote, nalo ni kwamba wayo unaoanguka baada ya kiharusi unaweza kuwa na sababu mbili zisizofanana. Ya kwanza ni udhaifu: msuli ulio mbele ya muundi, ambao kazi yake ni kuuinua wayo, haupokei tena amri ya kutosha kutoka kwenye ubongo. Ya pili ni ukakamavu: msuli wa kigimbi, ulio nyuma, unakaza pasipo kuombwa na kuuvuta wayo chini na kwa ndani, kiasi kwamba mtu hukanyaga kwa ukingo wa nje wa wayo. Wengi tuna zote mbili kwa viwango tofauti. Alinipima kwa njia rahisi sana. Alinikalisha, akaushika wayo wangu na kuusukuma juu polepole, ukakubali; kisha akausukuma kwa haraka, nao ukakwama njiani kana kwamba mtu mwingine ameushika kutoka upande wa pili. Huko kukwama ndiko kulikoamua, ingawa mimi sikuelewa siku ile, ni bresi ipi ingenifaa na ipi ingenipotezea muda.

Bresi yangu ya kwanza ya kweli ilikuwa nyepesi, ya kitambaa. Ni mkanda mpana unaofungwa juu kidogo ya kifundo, wenye kamba ya mpira inayoshuka hadi kwenye kamba za kiatu na kunaswa kwa kulabu ndogo, hivyo kwamba mguu unapoinuka kutoka chini, mpira huivuta ncha ya kiatu juu. Nimeipenda kwa mambo mawili: inavalika kwa mkono mmoja katika muda usiozidi dakika moja, na inakubali karibu kiatu chochote chenye kamba. Asubuhi ilinisaidia waziwazi. Lakini ilipofika alasiri, mwili ukishachoka na kigimbi kikishakaza, mpira ule ulishindwa. Wayo uliinuka kwa mbele lakini ukapinda kwa ndani, na mara kadhaa nilijikuta nimekanyaga kwa pembeni huku kifundo kikitaka kuvunjika. Bresi hii haina chochote cha kuzuia kupinda huko. Mwenye udhaifu peke yake, ambaye kigimbi chake ni laini na kifundo chake hakipindi, anaweza kuitumia kwa miaka na asihitaji nyingine. Mimi niliiacha baada ya wiki sita, na kosa halikuwa lake.

Ya pili ndiyo iliyonirudisha kwenye kutembea, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu. Ni bresi ngumu ya plastiki aina ya polipropilini, iliyotengenezwa kwa kipimo cha mguu wangu mwenyewe. Fundi wa viungo bandia na vifaa tegemezi alinivika soksi nyembamba, akauzungushia mguu bandeji zenye plasta kuanzia chini ya goti hadi vidoleni, na wakati plasta ikikauka alikuwa ameushikilia wayo wangu ukae pembe mraba na muundi. Ganda lile alilikata na kulitoa, akalijaza plasta kupata umbo kamili la mguu, kisha akalivika plastiki iliyopashwa moto hadi ikalainika. Kilichobaki ni kukata kingo, na hapo ndipo palipo na siri ya kifaa chote. Kingo zikipita nyuma ya mifupa ya kifundo, plastiki hubaki na unyumbufu wa springi: huuinua wayo hewani lakini huuruhusu kupinda kidogo mtu anapokanyaga. Kingo zikipita mbele ya mifupa hiyo, kifundo hufungwa kabisa. Yangu zilipitishwa mbele, na sababu ilikuwa goti.

Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba bresi ya kifundo inaweza kulitengeneza goti. Vidole vinapotangulia kufika chini, nguvu ya ardhi huusukuma muundi urudi nyuma, na goti nalo hurudi nyuma kupita mahali pake, kwa mshtuko mdogo ambao mtu huuhisi katika kila hatua. Nilidhani goti langu lina ugonjwa wake. Bresi ilipoufunga wayo katika pembe yake, kisigino kikaanza kutangulia kufika chini, muundi ukasogea mbele badala ya kusukumwa nyuma, na goti likatulia siku ileile. Huu ni ubora ambao hakuna tangazo la bresi nililoliona likiutaja, na kwangu mimi ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote.

Kiatu ni nusu ya kifaa. Bresi ya plastiki hukaa ndani ya kiatu, kwa hiyo kiatu cha zamani hakikuingia hata kwa nguvu. Nilihitaji kiatu kipana zaidi, chenye mdomo unaofunguka hadi karibu na vidole, na soli ya ndani inayotoka ili kupata nafasi. Lililo zito kuliko upana ni kimo cha kisigino. Bresi ngumu hutengenezwa ikilenga kiatu chenye kimo fulani cha kisigino. Ukiivaa ndani ya kiatu chenye kisigino kirefu zaidi, muundi wote husukumwa mbele na goti hutaka kukunjika. Ukiivaa ndani ya kiatu bapa, muundi huvutwa nyuma na lile tatizo la goti hurudi. Nililijua hili kwa kuumia: nilibadilisha viatu kwa ajili ya sherehe, nikatembea siku nzima nikiona kama kwamba kiharusi kimenirudia, kumbe ni tofauti ya kisigino isiyozidi upana wa kidole. Tangu siku hiyo kila kiatu kipya nakipeleka kwa fundi pamoja na bresi, akione nikiwa nimesimama.

Jambo la ngozi linahitaji uangalifu kuliko linavyopewa. Baada ya kiharusi wengi wetu hatuhisi vizuri upande ulioathirika, kwa hiyo plastiki inaweza kuchubua bila maumivu ya kukuonya. Niliagizwa nianze kwa saa moja tu kwa siku na kuongeza taratibu, na kila nilipovua nikague mifupa ya kifundo, kisigino, ubavu wa nje wa wayo na sehemu ya juu ambako mkanda unafunga. Wekundu unaotoweka ndani ya nusu saa hivi ni wa kawaida. Unaobaki ni ishara kwamba plastiki inabana na lazima ipashwe moto na kutanuliwa mahali hapo. Yangu ilirudi kwa fundi mara mbili kwa sababu ya mfupa wa nje. Mara ya kwanza aliona kwamba natia chumvi, na ilibidi nimwonyeshe picha nilizopiga saa moja baada ya kuvua ndipo akakubali kuifanyia kazi. Namshauri kila mtu apige picha za namna hiyo. Ukingo wa juu nao haufai kufika kwenye kichwa cha mfupa mdogo ulio upande wa nje chini tu ya goti, kwa kuwa neva inayouinua wayo inapita hapo karibu kabisa na ngozi, na kuibana ni kuongeza tatizo lilelile tunalolitibu. Mwenye kisukari, au ambaye mguu wake huvimba jioni, asianze kuivaa kabla ya kulisema hilo kwa mtaalamu, kwa sababu bresi iliyofinyangwa haijui kutanuka.

Kuivaa kwa mkono mmoja kulinichukua wiki mbili kujifunza. Kosa langu lilikuwa kuingiza bresi kwenye mguu kwanza na kiatu baadaye. Siku hizi naiingiza bresi ndani ya kiatu kwanza, naupandisha mguu juu ya goti la pili, nateremsha wayo huku kisigino kikigusa ukuta wa nyuma wa plastiki, kisha nafunga mkanda wa kifundo kabla ya ule wa juu. Kisigino kisipofika nyuma kabisa, hakuna mkanda utakaolirekebisha hilo baadaye, na mchubuko utakuwepo kabla ya jioni.

Matokeo niliyapima, kwa kuwa macho ya mwenye hamu hudanganya. Wataalamu hutumia mwendo wa mita 10 na saa ya kuhesabia sekunde, na wana viwango vinavyojulikana: anayetembea chini ya mita 0.4 kwa sekunde kwa kawaida huishia ndani ya nyumba, na anayepita mita 0.8 huweza kwenda nje na kurudi bila kizuizi kikubwa. Bila bresi nilitumia sekunde 33 kwa mita hizo 10. Wiki ya tatu ya kuvaa bresi ya plastiki nilitumia 24, yaani nilivuka kwa shida ule mstari wa kwanza. Tofauti hiyo si kubwa kwa namba, na tafiti zilizofanywa juu ya bresi hizi nazo husema vivyo hivyo: mwendo huongezeka, mizani ya mwili huboreka, lakini bresi haimgeuzi mtu kuwa yule aliyekuwa zamani. Kilichobadilika zaidi hakikupimwa na saa. Nilipokuwa sina bresi nilitembea macho yakiwa chini, nikikilinda kila kidole, na mtu akinisalimia ilinibidi nisimame ndipo nimjibu. Mwezi wa pili wa bresi nilitambua kwamba nimetoka mlangoni hadi barabarani nikizungumza na binti yangu, na sikumbuki hata mara moja nilipoutazama mguu. Kama ningeulizwa thamani ya kifaa hiki iko wapi, ningeonyesha hapo.

Kuna hofu moja inayorudiwa sana, hata na watu wenye elimu, kwamba bresi huulegeza msuli kwa kuufanyia kazi yake, na kwamba ni afadhali mgonjwa ahangaike bila msaada. Mimi niliiamini na ikanichelewesha miezi mitatu. Watafiti wa Uholanzi waliwafuatilia watu waliopewa bresi mapema baada ya kiharusi na wengine waliocheleweshwa kwa wiki 8, na katika muda wa wiki 26 hawakuona kwamba uvaaji ulipunguza utendaji wa ule msuli wa mbele ya muundi. Mwongozo uliotolewa mwaka 2021 na wataalamu wa fiziotherapia wa Marekani unahimiza bresi au kifaa cha umeme kutumika kwa wenye udhaifu wa mguu baada ya kiharusi ili kuboresha mwendo na mizani. Mazoezi ya kuuinua wayo niliendelea nayo kila siku nikiwa nimevua, na sijaona kwamba kimoja kinamzuia mwenzake.

Kasoro za bresi ngumu sitazificha. Kushuka ngazi ni kazi, kwa sababu kifundo hakikunji na goti haliwezi kutangulia mbele ya wayo. Nashuka mguu mgonjwa kwanza, nikishika ukingo, ngazi moja moja. Mteremko nao unasumbua kwa sababu hiyohiyo. Kuinuka kutoka kwenye kiti kifupi kunahitaji kuvuta miguu nyuma, jambo ambalo bresi hii inalikataa. Kuchuchumaa ni muhali. Joto na jasho ndani ya plastiki vinachosha, na soksi ndefu ya pamba isiyo na mshono mnene ni ya lazima, si ya hiari. Zipo bresi za plastiki zenye bawaba kwenye kifundo, ambazo huuzuia wayo kuanguka lakini huuruhusu muundi kusogea mbele, na zinapunguza sehemu kubwa ya taabu hizi. Fundi aliniambia mapema kwamba kwa kigimbi kilichokakamaa kama changu na goti lililokuwa likirudi nyuma, angeanza na ile ngumu, na sikuwa na sababu ya kumbishia.

Mwaka wa pili, baada ya sindano za botulinum kukilegeza kigimbi na mazoezi kurudisha nguvu kidogo, nilihamia kwenye bresi ya nyuzi za kaboni. Hii ni nyembamba, nyepesi kiasi cha kusahaulika, ina bamba linalopita chini ya wayo na mhimili unaopanda hadi mbele ya muundi. Kaboni hujikunja kidogo mwili unapopita juu ya wayo, kisha hujinyoosha mguu unapoondoka chini, na kuurudishia mtembeaji sehemu ya nguvu aliyoitoa. Kwa mara ya kwanza nilihisi kusukumwa mbele badala ya kuzuiwa nisianguke. Inaingia kwenye viatu vya kawaida na haitoi jasho. Lakini ni ghali kuliko plastiki kwa mbali, haiwezi kupashwa moto na kurekebishwa inapobana, na ikivunjika haiungwi. Zaidi ya hayo, haimfai mtu ambaye wayo wake bado unapinda sana kwa ndani, kwa kuwa haiushiki kwa pembeni kama plastiki inavyoushika. Ningeinunua mwezi wa tatu baada ya kiharusi, kama nilivyotamani baada ya kuiona ikisifiwa, ningekuwa nimetupa fedha.

Kuhusu kifaa cha umeme, nilikitumia kwa mkopo wa wiki tatu. Wazo lake si geni. Liberson na wenzake nchini Marekani waliliandika mwaka 1961: elektrodi, yaani vipande vidogo vya kupitishia umeme kwenye ngozi, huwekwa chini ya goti juu ya ile neva niliyoitaja, na kila kisigino kinapoinuka umeme mdogo huuamsha msuli ukauinua wayo. Kuuona wayo wangu ukiinuka kwa msuli wangu mwenyewe kulinitoa machozi. Tafiti zilizokilinganisha na bresi zimeona kasi ya kutembea ikikaribiana, na wengi hukipendelea hiki. Kwangu ngozi iliwashwa na gundi ya elektrodi, na kuzitafutia mahali pake kila asubuhi kwa mkono mmoja kulinishinda. Mwenye mtu wa kumsaidia kuvaa, na ngozi inayovumilia, akijaribu kabla ya kuamua.

Leo navaa ya kaboni mchana kutwa. Ile ya plastiki, ambayo mikanda yake imebadilishwa mara mbili na ambayo siiachi kamwe juani wala ndani ya gari lenye joto isije ikapinda, sijaiweka stoo. Tangu nipate bresi nimeanguka mara mbili, zote usiku, zote nikienda msalani, zote nikiwa nimeona kwamba hatua kumi hazistahili usumbufu wa kuvaa. Sasa inasimama kando ya kitanda ikiwa tayari ndani ya kiatu chake, kamba zimefunguliwa, mkanda wa kifundo umeachwa wazi upande wa mkono wangu mzima.